Maji ya Miguu

Asubuhi ya siku ambayo wageni wa Korea walikuwa wanaondoka, nilikwenda nyumbani kwangu kuchukua matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuwafungia njiani, nikakuta vile vigingi vimerudi.

Vilikuwa vinne. Viwili upande wa kichwa, viwili upande wa miguu, vimegongwa mbele ya mlango wangu, hata huwezi kuingia ndani bila kukanyaga katikati yake. Mtu wa kwetu aliyewahi kuona kaburi likipimwa haambiwi. Mara ya kwanza walipovigonga, mwezi wa tano, nilidhani ni watu wa barabara wamekuja na vipimo vyao. Nikasimama na ndoo kichwani nikiangalia barabara itapita wapi. Halafu nikauona ule urefu. Mimi ni mfupi. Kaburi lile lisingemtosha mtu mwingine yeyote katika ukoo wa mume wangu.

Siku ile ya kwanza niliving'oa nikakimbilia kanisani. Safari hii sikuvigusa. Nilivuka nimeshika gauni, nikachukua kapu la matobolwa, nikavuka tena kutoka. Nilijua kwa nini vimerudi leo. Aliyevigonga alikuwa anasubiri kitu kilekile nilichokuwa nakiogopa: basi la wageni liondoke.

Jina langu ni Ng'washi. Nilizaliwa Ipililo, kule Maswa, nikaolewa huku nje kidogo ya Bariadi na mtu aliyeitwa Luhaga. Shule sikuiona. Nilipewa ndama wa kuchunga, na wale ndama walipokua ng'ombe, mimi nami nikawa nimekua wa kubadilishwa na ng'ombe. Luhaga simlalamikii. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kunipiga, na nilimzalia binti mmoja, Goodness, ambaye sasa ameolewa Kalemela kwa wavuvi. Luhaga alipofariki, baada ya tumbo lake kujaa maji kwa muda mrefu, aliniachia majaruba ya mpunga kule bondeni, mahali ambapo hata mwaka wa njaa tope halikauki. Uchawi wangu ulianzia kwenye tope lile.

Mdogo wake Luhaga anaitwa Machibya, mzee wa kanisa. Matanga hayajaisha akaja kutaka kunirithi. Nikakataa. Akasema basi nimwachie majaruba. Nikakataa.

"Mwanamke aliyekuja hapa na kapu moja la nguo anasema hapana mara mbili," aliwaambia watu kilabuni. "Huyo ana kitu anachokitegemea."

Mwaka huohuo ndama wake walikufa, halafu mimba ya mkewe Eufrasia ikaharibika. Wakaenda kwa mganga upande wa Nassa. Mganga akatazama, akasema mbaya wenu ni mwanamke wa kuja, anayepikia watu. Wakati ule mimi ndiye nilikuwa naitwa kupika kwenye harusi na misiba. Sikuitwa tena. Nikifika kisimani, wanawake wanafunika ndoo zao. Mtoto akishikwa na homa, naulizwa jana nilipita njia gani. Walio mbali watasema hayo ni maneno tu. Kwetu tumezika wanawake ambao jeneza halikufunguliwa watu wakaaga, na waliowafanya vile tunakaa nao benchi moja siku ya Jumapili, tunapeana amani mkono kwa mkono.

Mchungaji wetu, Danford, alinihurumia, au aliona aibu, sijui. Wageni walipokaribia kuja alisema nipike kwenye jiko la kanisa na nilale palepale stoo, na masufuria.

"Wageni hawajui mambo yetu, Mama Goodness," alisema. "Wakiwepo, hakuna atakayekugusa."

Hakusema wakiondoka itakuwaje. Nami sikumuuliza, kwa sababu nilitaka kulala.

Na kweli nililala. Kwa majuma mawili nililala usingizi wa mtoto aliyeshiba. Wageni walikuja na basi dogo kutoka Mwanza, wazee kwa vijana. Waliezeka darasa la watoto, walipima watu macho, waliimba kabla jogoo hajawika. Mwenye lugha alikuwa Mchungaji Han, Mkorea anayeishi Mwanza. Alijifunza Kiswahili kwenye vitabu, na kilikuwa Kiswahili kizuri, kimenyooka kama shati jipya, isipokuwa mara mojamoja kifungo kilipita kwenye tundu lisilo lake. Siku ya kwanza alikuja jikoni akaniambia kwa heshima zote kwamba Mama Yun anaomba mchumba kidogo wa kutia kwenye mchuzi. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele walicheka mpaka ungo ukaanguka. Alitaka chumvi.

Huyo Mama Yun alikuwa amenizidi umri, mwembamba, nywele zimekatwa kama za mwanafunzi. Kwetu mwanamke humpigia goti aliyemzidi umri anapomsalimia. Nikampigia goti. Naye akapiga. Nikashuka zaidi. Naye akashuka. Nikainamisha kichwa, na yeye akaweka viganja na paji la uso chini kabisa, kwenye majivu ya jiko langu.

"Mama Goodness, mwache ashinde," Danford alisema, "la sivyo mtachimba kisima."

Ikawa vile kila asubuhi. Nilimfundisha kumwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye akasema "Mwangaruka, mayu," na hakukubali hata siku moja kuwa juu yangu. Mimi ambaye kisimani wananifunikia ndoo, nilikuwa na mtu wa kushindana naye kushuka.

Basi siku ile ya mwisho nilirudi kutoka nyumbani na kapu langu la matobolwa, vigingi vikiwa bado vimo machoni. Ibada ya kuaga ilipokwisha, Mchungaji Han alisimama akasema wageni wanataka kutuosha miguu. Ni desturi ya kwao siku ya mwisho wa safari ya injili, alisema, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Walitaka mabeseni mengi, lakini ulikuwa mwezi wa saba, lambo limebaki tope, na maji niliyokuwa nimechota yalitosha beseni moja. Ikakubaliwa kwamba Mama Yun ataosha kwa niaba ya wenzake: wazee wa kanisa kwanza, wake zao, halafu sisi tuliowahudumia.

Niliona watu wanatazamana. Kwetu mtu hachezei unyayo wa mtu. Udongo uliogusa nyayo zako ni wewe mwenyewe, anayeuokota amekushika. Wazee waliokuwa wameyakana mambo hayo wakati wa ubatizo walikuwa wanavua viatu polepole sana. Lakini mgeni ni mgeni. Nadhani kila mmoja alijiambia kwamba wageni wataosha na wageni watamwaga.

Machibya ndiye aliyewatoa watu aibu. Aliketi, akanyoosha miguu, akasema, "Mgeni, pole. Hii miguu imekanyaga mavi ya ng'ombe tangu uhuru."

Watu wakacheka. Akaoshwa yeye, akaoshwa Bundala, kamanda wa sungusungu, akaoshwa Danford, akaoshwa Eufrasia ambaye alifumba macho muda wote kama mtu anayechomwa sindano. Nilikuwa wa mwisho. Maji yalikuwa yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama Yun alishika visigino vyangu vilivyopasuka, akapitisha kidole taratibu kwenye kila mpasuko, na machozi yakamtoka. Sijawahi kushikwa vile. Kwa muda kidogo nilisahau vigingi.

Mchungaji Han akasimama nyuma yangu, akaweka mkono begani mwangu.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu mama alitupikia. Alitufulia. Alitulea kama watoto wake. Ninyi mnamwona mpishi. Lakini sisi tunasema, huyu ndiye mlozi wetu."

Niliwasikia mbuzi nje.

Alitaka kusema mlezi. Mimi nilijua, na Danford alijua. Lakini Mchungaji Han alipoona kimya, alifikiri hatukumsikia. Akapaza sauti: "Mlozi wetu! Tumpigie makofi mlozi wetu!"

Wageni wakapiga makofi, peke yao, wakitabasamu.

"Mlezi, Mchungaji," Danford alisema. "Mlezi."

"Aa, mlezi. Mlezi. Samahani." Akacheka mwenyewe, akajipiga mdomo. Watu nao wakacheka, kicheko kikubwa kuliko jambo lenyewe.

Machibya hakucheka. Alikuwa anajifuta katikati ya vidole vya miguu. "Ulimi wa mtumishi hauendi bure," alisema, si kwa sauti kubwa.

"Hata punda alisemeshwa," mkewe akaongezea. "Imo kwenye Biblia."

Nilitaka kutoka mle ndani. Nilikuwa natafuta kitu cha kufanya kwa mikono yangu, na mikono yangu inajua jambo moja: wageni wakimaliza, naondoa vyombo. Nikainua beseni. Nilitoka nalo nikielekea kwenye tuta langu la mchicha nyuma ya jiko, maana mwezi wa saba hatumwagi maji chini hivihivi, hata yawe machafu vipi.

"Maji ya miguu yetu," Eufrasia alisema nyuma yangu, "anayapeleka wapi huyo?"

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kama wangepiga kelele, wageni wangegeuka. Wanaume walinyanyuka mmojammoja kama watu wanaokwenda kujisaidia. Bundala akanifikia wa kwanza, fimbo yake kwapani, anatabasamu kwa sababu Wakorea walikuwa wanatuona kupitia dirishani.

"Weka chini, mayu," alisema. "Polepole. Yasimwagike."

Nikaliweka beseni chini ya ukingo wa paa la jiko. Machibya akaja, naye akitabasamu.

"Shemeji, ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Kwenye mchicha."

"Mchicha." Akamgeukia Bundala. "Umesikia? Anataka kutupanda kwenye mchicha. Kesho atatuchuma."

"Machibya, na miguu yangu imo humo," nilisema. "Nimeoshwa wa mwisho. Nitajiloga mwenyewe?"

"Mpishi lazima aonje," alisema.

Danford alifika akihema, kitambaa cha jasho mkononi. Aliangalia beseni, akaniangalia mimi, halafu akaangalia mlango wa kanisa.

"Ndugu zangu, si sasa," alisema. "Tusijiaibishe mbele ya wageni. Wakiondoka, tutakaa."

"Hata mimi sina haraka," Machibya alijibu. "Bundala, kaa na maji hayo."

Neno hilo, tutakaa, nimelisikia maisha yangu yote. Walikaa kwa ajili ya mahari yangu. Walikaa kwa ajili ya majaruba. Wanaume wakisema tutakaa, kuna mtu atakayesimama katikati yao. Nilirudi jikoni nikapakua wali. Mwiko ukawa unagonga sufuria, ngo ngo ngo, na mwanamke mmoja akaniambia kwa upole, kama vile hajui, "Una baridi, Mama Goodness?" Chakula cha wageni walikula wageni. Wenyeji walipokea sahani zao, wakashukuru, wakaziweka chini ya benchi.

Na wote walikuwa wanatabasamu. Sijui nieleze vipi. Machibya alibeba mtoto wa mtu akapigwa naye picha. Eufrasia alimfunga msichana wa Kikorea kitenge kiunoni, akamfundisha kucheza, watu wakashangilia. Kwaya iliimba. Mtu aliyekuja kutoka mbali angesema ni kijiji chenye furaha kuliko vyote alivyowahi kuona, na nadhani ndivyo walivyosema walipofika kwao. Wao waliona furaha ya kuwaaga. Mimi niliona watu wanaosubiri.

Nikamwendea Mchungaji Han akiwa anafunga mizigo juu ya basi. Nilimshika mkono wa shati.

"Mchungaji," nilisema, "mkiondoka, mimi nitakufa."

Akashuka. Akaweka mkono kifuani. Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kikorea, na wale wasichana wakafunika midomo, wakaanza kulia. Mama Yun akanikumbatia kwa nguvu.

"Anasema na yeye atakufa," Mchungaji Han aliniambia, macho yamemlowa.

"Siyo hivyo, Mchungaji. Nasema kweli. Nitakufa leo."

Alinitazama. Nadhani kuna kitu kilianza kumwingia. Lakini Danford alikuwa ameshafika, mkono wake begani kwangu, mzito.

"Mama zetu ndivyo wanavyoaga," alisema kwa Kiswahili, akicheka kidogo. Halafu, kwa Kisukuma, chinichini: "Mayu, ukiwaambia, watarudi kwao na jina letu hilo. Hawatakuja tena. Kanisa halitaisha kujengwa. Mimi nitakulinda."

"Utanilinda na nini?"

Aliangalia viatu vyake. "Na maombi."

Niliwaza kupanda basi. Sitaficha. Nafasi ilikuwepo, na Mama Yun angenipokea hata mapajani. Lakini Machibya alikuwa amesimama upande ule wa njia ya bondeni, mikono nyuma, anaangalia majaruba yangu kama mtu anayeangalia ng'ombe wake akirudi. Nikipanda, mchawi ametoroka. Nani atabisha tena? Majaruba ni yake kabla vumbi la basi halijatua. Na habari ingefika Kalemela kabla yangu, mpaka kwa wakwe wa binti yangu. Jina la mchawi halitafuti nauli. Goodness naye ni mpishi kwenye nyumba ya watu.

Dereva akawasha gari. Wageni wakaanza kupanda, wanapunga mikono. Kwaya ikaongeza sauti. Na wanaume, bila kuambizana, wakaanza kusogea kuelekea jikoni, mahali Bundala alipokuwa amesimama na beseni.

Maneno yalikuwa yananirudia kichwani, yaleyale, kama mwiko unaogonga sufuria. Mpishi lazima aonje. Mpishi lazima aonje.

Nikatembea mpaka kwenye beseni. Bundala alidhani nakuja kuomba, akaishusha fimbo. Nikapiga magoti. Nikachota yale maji kwa mikono miwili, nikanawa uso. Nikachota tena, nikajimwagia kichwani. Nikachota mara ya tatu, nikanywa.

Yalikuwa na ladha ya sabuni, na tope, na watu.

Kwaya ilikatika katikati ya mstari. Nikasimama, maji yakinichuruzika shingoni, nikasema kwa Kisukuma, maana kuna maneno ambayo Kiswahili kinayalainisha.

"Machibya, ulisema mpishi lazima aonje. Nimeonja. Nyayo zako zimo ndani yangu, na za Eufrasia, na za Bundala, na za Mchungaji. Mnasema anayeshika unyayo wa mtu amemshika mtu. Sikuzishika, nimezimeza, mbele yenu na mbele ya wageni. Sasa nikiumwa leo, nikianguka kesho, nikikutwa nimekatwa na panga, mtu wa kwanza atakayeulizwa ni mwenye nyayo zilizokuwa tumboni mwangu. Mtakuwa mmeniloga ninyi. Mtatajana mmoja baada ya mwingine, mpaka mwishe."

Sauti yangu ilikuwa kavu, lakini mkojo ulikuwa unataka kunitoka. Sikujua kama wataogopa. Nilijua tu kwamba nimeishiwa na kitu kingine chochote.

Hapo Mama Yun akateremka.

Alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Alitoka basini akikimbia, begi likimpiga mgongoni, akaja mpaka pale nilipokuwa. Alitazama beseni. Alitazama uso wangu. Sijui alielewa nini. Labda alifikiri ndivyo tunavyowaaga tunaowapenda. Akapiga magoti, akachovya mikono yote miwili, akanawa uso wake kwa maji yale.

"Jamani, mgeni!" Eufrasia alilia.

"Hapana, mama, hapana, hapana," Danford alikuwa anakimbia.

Alikuwa amechelewa. Mama Yun akanawa mara ya pili, halafu akaweka viganja chini, na paji la uso kwenye tope lililokuwa limemwagika miguuni pangu. Chini kuliko mimi, kama kawaida yake.

Mchungaji Han alifika na simu yake ya kupigia picha. "Hii ni desturi ya Kisukuma?" aliuliza.

Kisha Bundala, jasho limemjaa juu ya mdomo, akasema, "Ndiyo. Ya kuagana."

Basi likaondoka. Vijana walikimbia nyuma yake mpaka kwenye mti wa mwisho, vumbi likasimama hewani, likatua. Nikabaki nao. Nimeogopa mara nyingi katika maisha yangu, lakini ule muda, kutoka vumbi kutua mpaka mtu wa kwanza kufungua mdomo, sitaki kuurudia hata kwenye ndoto. Nilikuwa naangalia mikono yao, si nyuso.

"Tulisema tutakaa," Danford alisema.

Hakuna aliyekaa.

"Tukae tuseme nini?" Bundala akauliza. "Mgeni naye kanawa. Akifika kwao akaumwa je? Ataulizwa alinawa nini, na nani aliyemwosha miguu."

"Huyu ndiye aliyenywa," Machibya alisema, akininyooshea kidole. "Huyu ndiye mlozi, hata mtumishi kasema."

"Lakini maji ni ya kwetu," mtu akasema kutoka nyuma.

"Ya kwetu wote?" mwingine akasema. "Mimi miguu yangu ilikuwa safi. Aliyesema miguu yake imekanyaga mavi tangu uhuru ni nani?"

Wachache walicheka, halafu wakaacha. Watu walimgeukia Machibya. Niliyaona macho yale. Nayajua, nimeishi chini yake miaka. Yeye hakuwa anayajua. Akaangalia miguu yake mwenyewe, myeupe kwa kuoshwa, kama vile imemfanyia kitu bila ruhusa.

"Utani ule," alisema. "Ule ulikuwa utani."

"Tunajua," Bundala alisema. Lakini alisogea hatua moja mbali naye.

Niliwaacha palepale. Nilitembea mpaka nyumbani sikugeuka, mgongo wangu wote ukisikiliza. Nilipong'oa kigingi cha kwanza nilisubiri mtu aniite. Cha pili. Nilivikata vyote vinne, nikavitia jikoni, nikapikia ugali. Vilikuwa vya mti mzuri, viliwaka vizuri.

Tangu siku hiyo naishi nyumbani kwangu na majaruba nalima mimi. Danford alikuwa anapiga simu Mwanza kila siku kuulizia kama Mama Yun amefika salama, amekula, amelala, mpaka Mchungaji Han akamwambia hajawahi kuona kanisa linalopenda watu namna hii. Alifika salama. Ametuma picha, Danford ameitundika ukutani: mimi na yeye, nyuso zimelowa. Watu wakiingia kanisani wanakaa upande mwingine.

Na wananitunza. Ndivyo ilivyokuwa, wala sijisifu. Kisimani nafunguliwa njia nichote kwanza, nisisimame juani. Mvua ilipochelewa, Bundala alileta gunia la mahindi akaliacha mlangoni. Eufrasia hunitumia maziwa. Wananitunza kama ng'ombe wa mahari ambaye hajafika kwa mwenyewe: asikonde, asichechemee, asifie mikononi mwao. Hakuna hata mmoja anayenipenda. Na mimi nayanywa maziwa yao, ingawa huwa nayanusa kwanza.

Siku nyingine, Machibya akipita, nilikuwa nakohoa kidogo ili nimwone uso unavyobadilika. Nimeacha. Juma lililopita kikohozi kilikuja chenyewe, na hakijaondoka. Usiku naweka kanga mdomoni. Mtu anayekuogopa anaweza kukuletea maziwa mwaka mzima, halafu siku moja akachoka, akafikiri njia ya kumaliza hofu yake ni kukumaliza wewe vizuri, bila kuonekana. Ndivyo walivyofikiri mara ya kwanza.

Leo alfajiri alisimama kwenye ua.

"Mwangaluka, shemeji. Umeamkaje?"

"Mhola duhu," nilijibu kwa ndani. Salama tu.

"Nimesikia kama unakohoa."

"Moshi."

Nilisikia fimbo yake ikichorachora chini.

"Moshi," alisema. "Haya. Eufrasia ataleta maziwa."

Nilisikiliza miguu yake ikienda mpaka ikapotea. Halafu nikafungua mlango kidogo na, kabla ya kutoa mguu nje, nikaangalia chini kama kuna kigingi.